Kabla ya Kubishania Wosia, Tuulize Shamba Lilikuwa la Nani

Dar es Salaam ina ugomvi wa mirathi ambao ukisikia mwanzo wake unaweza kuumalizia mwenyewe. Mzee amefariki, ameacha wosia ulioandikwa na wakili mjini, na ndani yake amemtaja binti yake wa pili, au rafiki yake wa kazini, awe msimamizi wa mirathi. Upande wa pili amesimama mdogo wa marehemu au mtoto mkubwa wa kiume. Mkononi ana muhtasari wa kikao cha ukoo, naye anasema shamba la wazee haligawiwi kwa karatasi ya wakili. Kila upande unakwenda mahakamani na msimamizi wake, na hapo yanaanza maswali yale yale: mashahidi wa wosia walikuwa wangapi? Marehemu alikuwa na akili timamu? Sahihi ni yake? Miaka inakatika, shamba linaota majani au, baya zaidi, linauzwa vipande vipande na yeyote aliye karibu nalo.

Maswali hayo yanakuja mapema mno. Kabla ya kuuliza kama wosia ni halali, iulizwe kwanza shamba lilikuwa la nani siku mzee alipofariki, na alilishika kwa masharti gani. Mtu hausii kisicho chake. Ukoo nao haurithi kilichonunuliwa na mtu kwa jasho lake. Swali hilo likijibiwa kwa ushahidi tangu siku ya kwanza, kesi nyingi za namna hii zinabaki hazina cha kugombania.

Ugumu ni kwamba wazee wengi walioingia mjini miaka ya sitini na sabini wameacha ardhi za aina mbili. Kuna ya kwao: kihamba cha Rombo au Marangu, kibanja cha Muleba, shamba ambalo mzee alipewa na baba yake aliyepewa na babu yake. Kisha kuna ekari alizonunua mwenyewe Chanika, Goba, Mbezi au Kigamboni, au ng'ambo ya mpaka wa mkoa kule Mkuranga na Kisarawe, akilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Siku ya kuandika wosia anaketi mbele ya wakili, na wakili anaandika sentensi moja inayosema mashamba yote ya mwusia yagawiwe sawa kwa watoto wote. Sentensi hiyo imekusanya mali mbili zenye asili tofauti kana kwamba ni moja, na vita yote itakayofuata imo ndani yake.

Nianze na ukoo, maana ndio unaosemwa vibaya zaidi hapa mjini. Anayedai shamba la ukoo hadai kila mara kwa uchoyo. Uchagani mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, mkubwa hupewa kihamba chake mapema, na wa kati ndio waliohangaika na kuja mjini. Uhaya kuna omusika, mrithi mkuu, ambaye pamoja na sehemu kubwa ya kibanja hurithi pia mzigo wa familia. Yule aliyebaki nyumbani ndiye aliyemuuguza mama, ndiye aliyepalilia migomba, ndiye anayejua masale ya mpaka yalipandwa na nani na kwa makubaliano gani, na ndiye anayefagia makaburi. Leo anatokea mtu wa mjini na bahasha ya kaki, anamwambia kihamba kimegawiwa mara saba na vipande vitatu vitauzwa. Mimi simwoni mtu huyo kuwa mkorofi anapokataa. Baba naye hakukishika kihamba kile kama gari lake. Alikipokea akiwa na sharti la kukipitisha.

Tena ukoo si kitu kimoja nchi nzima. Uluguru urithi wa ardhi umefuata upande wa mama, na mjomba ana neno ambalo baba hana. Kwa Waislamu wengi wa Pwani na wa hapa Dar es Salaam mirathi inakwenda kwa sharia: wosia hauvuki theluthi ya mali, na anayerithi hausiwi chochote mpaka warithi wenzake waridhie. Mjane aliyeachwa na watoto ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mtu anayesimama kikaoni na kutamka "mila zetu" anapaswa kuulizwa mila za nani, na marehemu mwenyewe aliishi kwa zipi. Mahakama zetu hufanya hivyo hivyo. Huangalia mtindo wa maisha ya marehemu na nia aliyoionyesha, kisha ndipo huamua sheria ipi itumike.

Lakini nikiutetea ukoo hivyo, lazima niseme na uongo unaofanywa kwa jina lake. Shamba la Chanika alilonunua mzee kwa hati ya mauziano iliyosainiwa na mjumbe wa nyumba kumi si shamba la ukoo, hata kama baba zake wadogo walikuja kulima mihogo hapo. Ukoo haukuchangia hata senti. Ekari zile zilipokuwa pori hakuna aliyezitaja. Zimeanza kuitwa za ukoo bei ilipopanda.

Na bei imepanda kweli. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wote wanatafuta pa kujenga. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, Kigamboni iliyokuwa ikitegemea pantoni ikawa jirani wa Kurasini, na mikorosho ya watu ikaanza kuhesabiwa kwa viwanja badala ya magunia. Mzee anaweza kuwa alinunua shamba, akafariki akiwa na shamba, na arobaini yake ikaisha warithi wakiwa na viwanja arobaini mikononi. Tunaendelea kuuita ugomvi wa shamba, ingawa wengi wa wanaogombana hawajashika jembe na hawana nia ya kulishika.

Hapo ndipo wanapoingia dalali na mwenyekiti wa mtaa. Kijana aliyekuwa akiishi kwenye banda la shambani anakuwa mwenyeji wa wapimaji zoezi la urasimishaji likifika, na jina linaloandikwa ni lake. Baba mdogo naye anauza robo ekari kwa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na ile asilimia kumi ya mtaa inalipwa. Anayenunua anajenga msingi. Wakati huo mirathi haijafunguliwa, kwa hiyo kisheria hakuna mtu hata mmoja kati yao aliyekuwa na mamlaka ya kuuza. Ardhi ya marehemu ina msemaji mmoja tu, naye ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Wangapi wamekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai shamba la baba yao, wakatumia fedha na muda, kisha shauri likatupwa kwa sababu aliyefungua hakuwa na barua ya usimamizi? Hawakushindwa kwa kukosa haki. Walishindwa kwa kuingilia mlango usio wao.

Sasa nimgeukie wasii, yaani yule aliyetajwa ndani ya wosia. Wengi wao wanadhani wosia umewapa mali. Haukuwapa. Umewapa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, kutoa hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi ya kimila na ya Kiislamu husikilizwa, kutajwa kwenye wosia hakumfanyi mtu kuwa msimamizi moja kwa moja. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linamwambia hakimu azingatie matakwa ya marehemu anapochagua msimamizi, isipokuwa akiona kwa sababu fulani haifai. Wasii ni mtu wa kufikiriwa kwanza, basi. Akishateuliwa anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba tano ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu kwenye fomu namba sita. Mahakama za juu zina muda wao: miezi sita kwa orodha, mwaka mmoja kwa hesabu.

Ukitaka kujua familia itagombana au haitagombana, tazama fomu namba tano. Kwenye ardhi utakuta mstari mmoja: "shamba ekari nane Chanika", au hata "mashamba". Hakuna mipaka, hakuna jinsi lilivyopatikana, hakuna jina la aliyeuza, hakuna mwaka. Kihamba cha Kilimanjaro kimewekwa mstari wa chini yake kana kwamba vimenunuliwa siku moja. Hakimu ana mashauri mengi mezani, anapokea, anagonga muhuri. Pale palikuwa mahali pa kuuliza swali langu, na pamepitwa.

Muhtasari wa kikao cha ukoo nao una mambo yake. Hakuna kifungu cha sheria kinachoulazimisha, lakini umezoeleka kiasi kwamba ukienda kufungua mirathi bila huo utarudishwa. Uangalie kwa makini. Umeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, mwandiko mmoja tangu juu mpaka chini. Agenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili kumteua msimamizi, ya tatu kufunga kikao. Majina ya wahudhuriaji yamepangwa kuanzia baba wakubwa, baba wadogo, kisha watoto wa kiume. Mjane yuko wa mwisho, na mbele ya jina lake kuna dole gumba, wakati mwanamke huyo amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sahihi yake inajulikana mtaa mzima. Nani aliyeliweka dole lile? Kikao cha namna hiyo kinafaa kuwa shahidi, kieleze ardhi ilitoka wapi na ndugu ni akina nani. Kikigeuzwa kuwa hakimu, kinamhukumu mtu ambaye hakuitwa.

Wanaojificha nyuma ya mila ili kuwanyima wanawake ardhi wana karatasi ya kushika. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika sheria za urithi za makabila yanayofuata upande wa baba, liliweka mabinti daraja la tatu, likawaruhusu kutumia ardhi ya ukoo maisha yao bila kuiuza ilimradi wanaume wa ukoo wapo, na likasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Wajane wawili walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikasema Tanzania imekiuka wajibu wake kwao. Lakini wanaolinukuu tangazo la 1963 vikaoni huwa hawafiki 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi kihalali. Na kabla hata ya urithi, mjane ana chake mwenyewe: tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu ile ilihusu talaka, lakini mantiki yake haikomi mlangoni mwa kifo. Fungu la mke litengwe kwanza. Kinachobaki ndicho cha marehemu, na ndicho cha kugombania kama lazima mgombane.

Kuna hukumu moja ambayo nadhani tumeisoma nusu. Mwanamke wa Muleba, Kagera, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, bila mtu wa kumtunza, aliiuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa kaka yake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mauzo ni batili, kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke anaweza kurithi na kuuza kama mwanamume. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory inanukuliwa kila mahali kwa ushindi huo, na inastahili.

Nusu inayosahaulika ni hii: jaji hakuufukuza ukoo. Alisema ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa ya wanaukoo, mwanaukoo yeyote anaweza kuikomboa kwa kumlipa mnunuzi bei aliyonunulia, na sharti hilo ni moja kwa mwanamke na kwa mwanamume. Ukoo haukupewa kura ya turufu. Ulipewa njia ya kurudisha shamba lake kwa fedha halali.

Hapo ndipo ninaposimama. Ukoo una haki juu ya shamba la ukoo, na haki yake ni ya kukomboa, si ya kuzuia. Wosia wa mzee usimame, kila mtoto aliyetajwa apate fungu lake, wa kike na wa kiume. Lakini kwa ardhi iliyothibitishwa kuwa ya ukoo, anayetaka kuuza fungu lake aanze kwa ndugu, bei ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa, na ukoo upewe muda unaojulikana, tuseme miezi sita, kuweka fedha mezani. Muda ukipita, auze kwa anayemtaka. Sehemu ya makaburi itengwe nje ya mgawo, iandikwe hivyo kwenye orodha. Kwa ardhi iliyonunuliwa ukoo usipewe hata hiyo miezi sita.

Najua wapo watakaosema mtu aliyeshika ardhi kimila hakuwa mmiliki wa kweli, kwa hiyo hakuwa na cha kuusia tangu mwanzo. Hoja hiyo ilishajibiwa. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Ardhi yote nchini ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, sawa. Anachoshika kila mmoja wetu ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ya mwanakijiji ina uzito kama ya mwenye hati. Serikali isiyoweza kuipokonya bila fidia ndiyo imzuie baba asimwachie binti yake? Sioni mantiki. Ninachokubali ni kwamba haki yenyewe inaweza kuwa na masharti ndani yake, na sharti la ukombozi ndilo ninalolitetea.

Wanasheria nao wana lao la kujibu. Wakili anayemwandikia wosia mzee anayeishi kimila, akamaliza bila kumuuliza hata jina la ndugu yake mmoja, amemwachia familia bomu. Kanuni za wosia za 1963 zinataka mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wawili kama mwusia naye anajua, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje, wanne kama hajui. Wake walio nyumbani siku hiyo nao washuhudie. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne. Na anayemnyima mrithi lazima ataje sababu, miongoni mwa zile zinazokubalika, kama kumtelekeza mzee katika njaa au ugonjwa. Waliotunga kanuni zile walijua kwamba ndugu aliyeshuhudia wosia hawezi kuja kuukana. Sisi mjini tumeufanya wosia uwe siri ya watu wawili na karani, kisha tunashangaa unapopokelewa kama uvamizi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, inaandika na kuhifadhi wosia, jambo jema, lakini haiwezi kumwambia kaka yako kijijini kile ambacho wewe mwenyewe ulikwepa kumwambia.

Lililo karibu zaidi kufanyika halihitaji Bunge. Hakimu anayepokea maombi ya mirathi amwagize msimamizi atenganishe orodha ya ardhi mafungu mawili, iliyorithiwa na iliyonunuliwa, na kila shamba liandikwe mipaka yake, jinsi lilivyopatikana na jina la mzee mmoja jirani anayeweza kuulizwa. Asiyekubaliana na fungu fulani aseme ndani ya siku zilizopangwa, ushahidi usikilizwe, uamuzi utolewe, kisha ndipo wosia usomwe na mgawo uanze. Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoundwa kwa ajili ya mashauri ya mirathi na ndoa, kingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Kwa wasiofika mahakamani kabisa, wakumbuke tu kwamba muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu huanza kuhesabiwa tangu siku ya kifo.

Pingamizi ninalolisikia zaidi kutoka kwa wazee wa koo ni la fedha: ukombozi ni wa matajiri, sisi tutatoa wapi milioni za kumlipa binti anayetaka kuuza fungu lake? Wazee wangu, kwa heshima zote, kamati ya harusi ya kijana wa ukoo huu huu huketi kwenye ukumbi wa Sinza, hugawa kadi za michango, huunda kundi la WhatsApp, na ndani ya miezi mitatu hukusanya fedha za ukumbi, chakula, mapambo na bendi. Ukoo unaoweza kuchangia sherehe ya usiku mmoja unaweza kuchangia robo ekari yenye makaburi ya babu zake. Ukishindwa baada ya kupewa miezi sita na bei ya haki, basi binti amuuzie jirani, apeleke watoto wake shule, na asiitwe msaliti kwenye kikao chochote.